Saa Gani Inafaa kwa Mazoezi ya Baiskeli Nairobi? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ushauri mwingi kuhusu saa za mazoezi umeandikwa na watu wa nchi ambako jua huzama saa tatu usiku wakati wa kiangazi na saa kumi jioni wakati wa baridi. Sisi tuna shida nyingine: moshi, matatu, mvua ya Aprili, na kazi inayoanza saa mbili upande wa pili wa mji. Maswali haya ni yale yanayorudi kila mara mtu mpya anaponunua baiskeli na kutaka kuifanyia mazoezi ya maana.

Nipe jibu la mkato. Saa ngapi?

Siku za kazi, toka nyumbani kunapopambazuka, na uwe umeshaachana na barabara kubwa kabla ya saa moja na nusu. Jumamosi na Jumapili una nafasi zaidi, mpaka saa tatu hivi. Asubuhi ikishindikana, tafuta saa kumi alasiri, au fanyia mazoezi ndani ya nyumba baada ya kazi. Maelezo yanayofuata ni ya yule ambaye jibu hili halimtoshi, na kwa kweli halimtoshi mtu yeyote mwenye mwajiri, watoto na nyumba iliyo mbali na lami nzuri.

Nimesoma kwamba mwili una nguvu zaidi jioni. Mbona mnatusukuma asubuhi?

Ulichosoma ni kweli. Joto la mwili huwa chini kabisa kwenye saa kumi au kumi na moja alfajiri, kisha hupanda taratibu mchana kutwa hadi kufikia kilele jioni. Misuli iliyopata joto hujikaza na kulegea upesi zaidi, na viungo huwa vimelainika. Ndiyo maana watu wakipimwa nguvu za ghafla, wengi hupata matokeo mazuri zaidi jioni kuliko alfajiri, kwa asilimia chache.

Lakini faida hiyo huonekana zaidi kwenye kasi ya sekunde chache, kama kukimbilia mstari wa mwisho, kuliko kwenye safari ya saa tatu. Tena mwili huzoea. Mtu akifanya mazoezi asubuhi kwa majuma kadhaa mfululizo, pengo lake la asubuhi na jioni hupungua.

Na zile asilimia chache zilipimwa maabara, ambako hakuna matatu inayokukatia mbele ghafla kwa sababu abiria amenyoosha mkono. Toka Westlands saa kumi na moja jioni uelekee Kikuyu kwa Waiyaki Way, uone nguvu zako za jioni zitaishia wapi. Zitaishia kwenye breki.

Kunapambazuka saa ngapi hasa? Kunabadilika?

Kidogo tu. Nairobi iko karibu digrii moja na robo kusini mwa ikweta, kwa hiyo mchana wetu una saa 12 na dakika chache mwaka mzima. Kinachobadilika ni pale saa hizo zinapoanzia. Mapema Novemba jua huchomoza kama saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi. Katikati ya Februari huchelewa mpaka saa kumi na mbili na dakika arubaini hivi. Machweo nayo huhama vivyo hivyo, kutoka kama saa kumi na mbili na dakika ishirini jioni hadi karibu saa moja kasoro dakika kumi.

Nusu saa hiyo si kitu kwa mwenye gari. Kwa mwenye baiskeli, ni kusema kwamba safari uliyoizoea Novemba ukiwa na mwanga, Februari utaianza gizani ukitoka saa ile ile. Sogeza kengele ya simu. Na ujue kwamba hapa kwetu magharibi haidumu: jua likishazama, una kama dakika ishirini za mwanga wa kuaminika, basi.

Si heri nianze saa kumi na moja alfajiri, barabara ikiwa tupu?

Kwa swali hili wengi hawapendi jibu. Utupu wa barabara ndio unaoileta hatari. Kwenye msongamano, gari linatambaa na dereva anakuona hata kama hataki. Alfajiri gari lile lile linapita kwa kasi, dereva ama ametoka kuamka ama hajalala kabisa, na hatarajii baiskeli. Mabasi ya shule nayo huanza kuokota watoto mitaani kukiwa bado kiza, yakifukuzana na muda. Malori ya mchanga na mawe yanayotoka Machakos na Kajiado hupenda saa hizo hizo.

Halafu kuna mashimo. Taa ya baiskeli ya bei ya kawaida hukuonyesha shimo likiwa mita tano mbele. Ukienda kilomita 30 kwa saa, unazimaliza mita hizo kabla hujakaza breki. Na shimo likijaa maji, mwanga wa taa huteleza juu yake na kulifanya lionekane kama lami nyeusi, laini na nzuri kabisa.

Kama ratiba yako haina nafasi nyingine, basi fanya hivi: taa mbili nyuma, moja iwake bila kukatika na nyingine imemeteke, taa ya mbele yenye nguvu, kitu kinachong'aa kwenye vifundo vya miguu, kwa sababu mguu unaopanda na kushuka humwambia dereva papo hapo kwamba mbele kuna baiskeli, na uzunguke ndani ya mtaa unaoujua kwa macho yaliyofumbwa mpaka mwanga utoke. Barabara kubwa iache kwa baadaye.

Nitakaa mbali na msongamano vipi, wakati mji wote una msongamano?

Usifikirie saa peke yake, fikiria na upande. Asubuhi magari yanaingia mjini, jioni yanatoka. Anayekaa Ruaka akipanda kwenda Banana na Tigoni asubuhi anakuwa kinyume cha mkondo: upande wake ni mweupe huku ule wa pili umesimama. Tatizo ni kurudi. Ukigeuka saa moja na nusu, unaingia kwenye ule mkondo uliokuwa ukiucheka. Kwa hiyo ama ugeuke mapema, ama urefushe safari mpaka baada ya saa tatu, magari yatakapokuwa yamefika yaendako.

Jumapili asubuhi ndiyo zawadi ya juma. Kuanzia kunapopambazuka hadi kama saa mbili na nusu, hata Thika Road inastahimilika. Kisha watu wa ibada ya pili huanza kutoka. Jumapili jioni, kinyume chake, usikaribie barabara ya Limuru na Rironi: mji mzima unarudi kutoka Naivasha, Nakuru na mashambani, na kila mmoja anadhani anaweza kupita pembeni.

Kuna saa yoyote nzuri ambayo watu huisahau?

Ipo. Saa tatu na nusu hadi saa tano asubuhi, siku ya kazi. Mwanga umetimia, lami imekauka, mwili umeamka, umeshakunywa chai, na msongamano umelegea kabla ya ule wa mchana. Ningekuwa na uwezo wa kuipanga ratiba ya kila mtu, mazoezi magumu ya juma ningeyaweka hapo. Anayejiajiri, anayefanyia kazi nyumbani, au mzazi aliyekwisha kupeleka mtoto shuleni, asiipoteze saa hii akingoja alfajiri isiyomfaa.

Na mchana? Nina saa nzima ya chakula.

Joto la Nairobi si la Mombasa wala Garissa. Hata Februari na Machi, miezi ya joto zaidi, kipimo cha mchana huwa kama nyuzi 27 au 28. Mwili ulio na afya na chupa mbili za maji unaliweza joto hilo kwa saa moja.

Jua ndilo la kuheshimu. Tuko karibu na ikweta, tena juu, mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, na anga likiwa wazi saa sita mchana kipimo cha miale inayounguza ngozi hupita 11, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linakihesabu kuwa cha kupindukia. Ngozi nyeusi inajikinga zaidi, lakini haijikingi kabisa, na rangi ya ngozi haiyakingi macho. Vaa miwani na mikono mirefu myepesi. Baada ya saa moja utaona mapigo ya moyo yakipanda ingawa kasi ni ile ile. Hiyo ni kazi ya joto na maji yaliyopungua mwilini, usiyafukuzie.

Swali gumu zaidi la mchana ni bafu. Kama kazini hakuna pa kuoga, wenzako watakuwa na maoni.

Hewa ni safi zaidi saa ngapi?

Wengi hudhani alfajiri. Inategemea. Usiku usio na upepo, hasa miezi ya baridi, hewa baridi hutulia chini na kufunikwa na iliyo na joto zaidi juu yake. Moshi wa jiko la makaa, wa taka zilizochomwa usiku na wa magari ya kwanza hukosa pa kwenda. Ule ukungu wa rangi ya majivu unaouona mabondeni saa moja asubuhi, kama kule Mathare au kando ya Mto Ngong, si ukungu mtupu. Jua likipanda, ardhi ikapata joto na upepo ukaanza, moshi hutawanyika.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango chake cha vumbi jembamba hewani, lile linalopenya hadi ndani kabisa ya mapafu, kutoka wastani wa mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo kwa mwaka. Kandokando ya barabara zetu kuu hewa hupita hapo bila shida. Na mwendesha baiskeli anaivuta kwa wingi: aliyekaa kwenye kiti cha matatu huvuta lita 6 hadi 8 kwa dakika, wewe unayepanda mlima kwa nguvu unaweza kuvuka 80.

Kwa hiyo, kama una uwezo wa kuchagua kati ya kubadilisha saa na kubadilisha njia, badilisha njia kwanza. Hatua chache kutoka barabara kuu, nyuma ya safu ya miti, hewa hubadilika kuliko utakavyopata kwa kuamka saa nzima mapema. Msitu wa Karura ni mfano mzuri: una njia za baiskeli, hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, na hutakutana na lori. Kuna kiingilio, na watembeaji wana haki ya kwanza, kwa hiyo si mahali pa kukimbiza muda.

Nile kabla ya kutoka asubuhi?

Ukienda chini ya saa moja, mwendo wa kuongea, si lazima. Usiku ini hutumia sehemu kubwa ya akiba yake ya sukari, lakini misuli huwa bado na yake. Glasi ya maji inatosha.

Ukiwa na kazi ngumu au zaidi ya saa moja na nusu, kula. Ndizi mbivu na chai, kipande cha nduma au kiazi kitamu kilichobaki jana, au mkate na asali. Uji mzito acha mpaka urudi, isipokuwa una saa nzima ya kungoja ushuke. Ile habari kwamba kupanda baiskeli bila kula hupunguza kitambi haraka zaidi imetiwa chumvi: ni kweli mwili huchoma mafuta zaidi wakati ule ule wa mazoezi, lakini kinachohesabika ni chakula na kazi ya siku nzima, na wengi wanaotoka na njaa hulipiza kisasi kwenye chapati saa nne.

Nikifanya mazoezi jioni sipati usingizi. Niache?

Usiache, tenganisha. Mazoezi ya wastani jioni hayawasumbui watu wengi, wengine hata hulala vizuri zaidi. Yanayosumbua ni yale makali yanayoisha saa moja au pungufu kabla ya kulala, moyo ukiwa bado juu na mwili bado moto. Peleka vipindi vikali Jumamosi asubuhi, jioni zako ziwe nyepesi.

Chunguza pia ulichokunywa. Nusu ya kafeini uliyoinywa huwa bado mwilini baada ya kama saa tano, kwa hiyo kahawa ya saa kumi na moja jioni, au yale makopo ya kuongeza nguvu yanayouzwa kila petroli stesheni, bado yanafanya kazi saa nne usiku. Mara nyingi baiskeli inasingiziwa.

Je, kuna hatari ya jua usoni?

Ipo, na inasahaulika sana. Ngong Road na Waiyaki Way zinaelekea magharibi. Jioni, nusu saa kabla ya machweo, jua linakuwa mbele yako, na la kutisha zaidi, linakuwa mbele ya dereva aliye nyuma yako. Kioo chenye vumbi hugeuka ukuta mweupe, hakuoni hata ukiwa na koti la njano. Asubuhi ni kinyume: Kangundo Road kuelekea Kayole na zaidi ndiyo inayokupofusha. Ukiona kivuli chako kirefu kimelala nyuma yako, jihesabu kuwa huonekani na dereva anayekuja nyuma.

Msimu wa mvua nifanyeje?

Masika ni Machi hadi Mei, Aprili ikiwa na mvua nyingi zaidi. Vuli ni Oktoba hadi Desemba. Mara nyingi mvua ya Nairobi hunyesha alasiri, jioni na usiku, kwa hiyo katika miezi hiyo asubuhi hushinda kwa urahisi. Wingu likianza kujijenga saa nane mchana, safari ya jioni ihesabu imekufa.

Asubuhi yake, angalia barabara. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi huinua mafuta na vumbi vilivyokuwa vimeshikana na lami, na kona inakuwa sabuni. Mistari meupe ya rangi na vifuniko vya chuma vya mitaro ni vibaya zaidi, vivuke ukiwa wima, bila kukata kona. Breki zinazobana rimu huchelewa kushika zikiwa na maji. Zibonyeze kidogo kidogo mapema ili zijifute kabla hujazihitaji. Ukifika nyumbani, futa mnyororo kwa kitambaa na utie mafuta siku hiyo hiyo. Matope mekundu ya Kiambu yakikauka humo ndani yanatafuna gia, na fundi ndiye atakayefurahi.

Julai ni baridi mno. Bado niamke?

Juni hadi Agosti mawingu hutanda na asubuhi hushuka hadi nyuzi 11 au 12, Limuru chini zaidi kwa sababu iko juu kwa mita 500 hivi kuliko katikati ya mji. Kupanda si taabu. Taabu ni kushuka. Umefika Tigoni jasho limelowesha shati, unageuza baiskeli, na upepo wa kilomita 50 kwa saa unakupiga kifuani. Vidole huganda mpaka unabonyeza breki bila kuisikia. Gazeti la jana likunje uliweke ndani ya jezi, kifuani, kabla ya kushuka. Ni ujanja wa miaka mingi wa wapanda milima wa Ulaya na haujapitwa na wakati. Glavu zenye vidole kamili ni za lazima.

Au, kwa miezi mitatu hiyo, hamia saa tatu na nusu au saa kumi. Hakuna medali ya kutetemeka.

Njia ndefu za wikendi zina saa zake?

Zina saa zake, na zinatofautiana.

Limuru na Tigoni, anza kunapopambazuka na usiwe na haraka ya kuwahi zaidi, kwa sababu juu ukungu hukaa hadi saa mbili au tatu na magari yanatokea ndani yake bila taarifa.

Magadi ni kesi nyingine. Ukishapita Kiserian na Kona Baridi barabara inateremka kuingia Bonde la Ufa, na Magadi yenyewe iko kama mita 600 tu juu ya usawa wa bahari. Baridi uliyoiacha Ngong inageuka tanuri. Na kama unarudi kwa baiskeli, mlima wote unakungoja mwisho, juani. Njia hiyo ianze mwanga wa kwanza kabisa ukiwa tayari Kiserian, hata ikibidi baiskeli isafirishwe kwa gari hadi hapo. Weka saa ya kugeuka na uitii hata kama miguu inakuambia bado. Na beba maji zaidi ya unavyodhani, maana maduka ni machache.

Southern Bypass, kutoka Mombasa Road hadi Kikuyu, ina lami nzuri na magari yanayokwenda kasi sana, na sehemu zake ni za upweke. Huko nenda kwa kikundi, mchana kweupe. Nairobi Expressway usijaribu, baiskeli haziruhusiwi.

Mimi ni mwanamke na huendesha peke yangu. Ushauri unabadilika?

Unabadilika kwa kiasi, na si haki kwamba unabadilika. Saa nzuri kwako ni ile ambayo barabara ina watu, hata kama ina magari kidogo. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi kuna maelfu wanaotembea kwenda kazini, mama anayewasha jiko la mandazi, wanabodaboda stejini; hao ni macho. Njia ile ile saa kumi na moja na nusu alfajiri haina mtu.

Usipite njia ile ile saa ile ile kila siku. Mwachie mtu wa nyumbani ramani na saa ya kurudi. Ukitumia programu ya simu kurekodi safari, ficha mahali unapoanzia, kwa sababu wengi huanika mlango wao wa nyumbani na ratiba yao bila kujua. Haya yanamfaa mwanamume pia.

Kwenda kazini kwa baiskeli kunahesabika kama mazoezi?

Kunahesabika sana. Kilomita 12 kwenda na 12 kurudi, siku nne, ni karibu kilomita 100 kwa juma ambazo hukuzitafutia muda. Zichukulie kuwa msingi, si mashindano. Katika msongamano hatari zako ni mlango wa matatu unaofunguka, bodaboda inayopanda upande wako, na konda anayeruka chini kabla gari halijasimama. Hakuna nafasi ya kuangalia kipimo cha moyo hapo. Ukitoka nyumbani nusu saa mapema au kazini saa moja baadaye, utaokoa mapafu na hasira.

Nafanya kazi zamu ya usiku. Niende nikitoka kazini?

Hapana, si barabarani. Askari, muuguzi au mtu wa kituo cha simu anayetoka saa moja asubuhi ana usingizi unaopunguza wepesi wake wa kuona na kukwepa, na anaingia barabarani saa mbaya kuliko zote. Lala kwanza. Fanya mazoezi saa tisa au kumi alasiri kabla ya zamu, ambayo kwa mwili wako ndiyo asubuhi.

Na Ramadhani?

Tukiwa karibu na ikweta, saumu ya Nairobi ina urefu wa saa 13 na zaidi kidogo mwaka wowote, kwa hiyo mpango wa mwaka jana unaweza kuutumia mwaka huu. Wengi huchagua saa moja ya mwisho kabla ya magharibi, mwendo mwepesi, ili maji na futari viwe karibu. Kasoro yake ni kwamba Eastleigh na South C kila mtu anakimbilia nyumbani wakati huo huo, na dereva mwenye njaa hana subira. Toka mapema kidogo na ufunge safari dakika ishirini kabla ya adhana. Kazi ngumu ifanyie ndani baada ya futari au tarawehe, si zaidi ya mara mbili kwa juma. Baada ya daku wengine hutoka alfajiri. Wanaweza, lakini kiu ya saa sita mchana wataijua wenyewe.

Naandaa mashindano. Saa ina umuhimu gani?

Mkubwa kuliko kwa mtu mwingine yeyote. Tour de France, ambayo Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, alishinda 2013, 2015, 2016 na 2017, huendeshwa mchana na hatua zake nyingi humalizika alasiri, wakati ambao mwili umeshapata joto lake. Mashindano ya hapa nyumbani mara nyingi huanza asubuhi, watu wakiwa bado wanapiga miayo. Aliyefanya mazoezi yake makali jioni tu ataamka siku hiyo na miguu isiyomfahamu.

Majuma matatu au manne kabla ya siku yenyewe, fanya angalau kipindi kimoja kigumu kila juma saa ile ile ya kuanza. Kula kile utakachokula, saa ile utakayokula. Jua choo kinakuchukua muda gani, na usicheke, foleni ya vyoo imewaharibia watu mashindano. Kwa kuwa ni asubuhi, pasha mwili joto kwa muda mrefu zaidi ya jioni: dakika 20 hadi 25, ukianza polepole, na mbio tatu nne fupi mwishoni.

Nitajuaje kwamba saa niliyochagua imenikataa?

Pima mapigo ya moyo ukiwa bado kitandani, kila asubuhi, kwa majuma mawili. Yakipanda siku baada ya siku na huna homa, unakula usingizi ili kulisha baiskeli. Mtu mzima anahitaji angalau saa saba za kulala, na kengele ya saa kumi na moja haina maana kama taarifa ya habari na simu vinakuweka macho hadi saa sita usiku. Hapo kinachosogezwa ni saa ya kulala. Ikiwa haisogezeki, kwa sababu ya kazi au mtoto mchanga, chagua siku mbili za alfajiri badala ya tano, na nyingine uzipeleke wikendi.